Kutoa injini ya petroli na kuweka mota ya umeme kwenye gari la zamani la spoti

Wengi huanza kwa kutafuta mota. Anza na mzani. Gari dogo la spoti la zamani lina kilo 900 hadi 1,100, na karibu kila uamuzi utakaoufanya utategemea kilo ngapi zimetoka, ngapi zimeingia na zimekaa wapi. Betri ndiyo itakayoamua gari litafika mbali kiasi gani, litakata kona vipi na litakugharimu kiasi gani. Kufunga mota, ukilinganisha na hayo, ni kazi nyepesi.

Mfano tutakaoutumia ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza yenye injini ya lita 1.6, ikiwekewa mota, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa kuendesha mota) na betri ya Nissan Leaf ya kilowati-saa 24. Vifaa hivyo hupatikana kwenye magari yaliyogongwa, vipimo vyake vinajulikana, na gari lenyewe lina nafasi ya kutosha. Ukiwa na gari jingine, namba zitabadilika lakini mpangilio wa kazi utabaki uleule. Kabla ya kununua chochote, soma sheria za unakoishi kuhusu ukaguzi, usajili na bima ya gari lililobadilishwa, kwa sababu kuna mahali mkaguzi hutaka kuona michoro ya maboksi ya betri kabla hayajachomelewa.

Kuchagua na kupima gari

Usilipe bei ya injini nzima kwa injini utakayoitoa. Tafuta gari lenye bodi na chasisi nzuri, hata kama injini imekufa. Kutu kwenye vizingiti vya milango na mahali springi zinapofungwa itakumaliza pesa kuliko mota. Kama gari bado linatembea, liendeshe kwanza usikilize giaboksi na difu. Mlio unaofunikwa leo na ekzosi utausikia wote injini ikishaondoka, na ni rahisi kubadilisha beringi sasa kuliko baadaye.

Lipime kwa mizani minne, mmoja chini ya kila gurudumu, tangi likiwa limejaa na uzito wa dereva ukiwa kitini. Andika pia urefu kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Pima tena kila unapotoa au kuweka kitu kizito. Lengo ni kumaliza bila kupita uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati cha gari, na mgawanyo wa mbele na nyuma usitofautiane na wa awali kwa zaidi ya asilimia mbili au tatu.

Hesabu ya betri na volti

Gari la aina hii hutumia takriban wati-saa 150 kwa kilomita kwa mwendo wa kawaida, na zaidi sana kwa mwendo kasi. Betri ya kilowati-saa 24 iliyobaki na asilimia 80 ya uwezo wake ina 19. Ukiacha akiba ya asilimia kumi unabaki na kama 17, yaani kilomita 115 hivi. Kama hazikutoshi, tafuta betri kubwa zaidi sasa hivi. Kuongeza moduli (vipande vinavyounda betri) chache baadaye, za umri tofauti, ni njia ya uhakika ya kuziua zote.

Kuhusu volti kuna njia mbili. Ya kwanza ni volti 100 hadi 150, ambayo vifaa vyake huuzwa kama seti kwa ajili ya kazi hii. Ya pili ni volti 350 hadi 400 kama magari ya kiwandani. Kilowati 60 kwa volti 100 ni ampia 600. Kwa volti 360 ni ampia 167. Joto linalopotea kwenye kebo huongezeka kwa mraba wa ampia, kwa hiyo volti ndogo hudai kebo nene, kontakta kubwa (swichi za sumaku zinazounganisha na kukata umeme wa betri) na maungio yasiyo na kasoro hata kidogo. Wanaoichagua kwa kudhani ni salama wanajidanganya: umeme wa moja kwa moja unaopita volti 60 huhesabiwa kuwa wa hatari. Chukua volti za juu na uheshimu kanuni zake.

Ukiweza, nunua gari zima lililogongwa badala ya vipande. Utapata chaja, kigeuzi cha volti 12, pampu ya maji, kanyagio la mwendo na plagi zote. Ukikata nyaya, acha mkia wa angalau sentimita 30 kwenye kila plagi.

Betri ya Leaf hiyo ina moduli 48, kila moja ikiwa na seli nne: mbili sambamba, kisha jozi mbili kwa mfululizo. Ndiyo maana moduli ina ncha tatu. Pima kati ya ncha ya katikati na kila ncha ya pembeni, betri ikiwa imepumzika siku nzima. Nusu mbili zikitofautiana kwa zaidi ya milivolti 20, itilie shaka. Ikiwa seli yoyote imeshuka chini ya volti 2.5, au moduli imevimba, usiichukue hata ukipewa bure.

Kabla ya kugusa betri

Glavu za mpira za daraja la 0, zilizopimwa, na za ngozi juu yake. Multimita ya kiwango cha usalama cha CAT III, volti 1,000. Spana zilizofunikwa kihami hadi karibu na mdomo. Vua pete na saa. Fungua betri kwa kuondoa viunganishi vya shaba ili ubaki na makundi yasiyozidi volti 60, na viunganishi vya mwisho vya kuunganisha makundi virudishwe siku ya mwisho kabisa. Kila unapopima kama umeme umekatika, jaribu kwanza multimita kwenye kitu unachojua kina umeme, pima, kisha ijaribu tena. Inveta ina kapasita zinazobaki na chaji baada ya betri kutenganishwa, kwa hiyo subiri dakika kumi na upime ncha zake.

Kutoa injini

Mwaga petroli yote, toa tangi na mabomba yake, na usichomelee chochote hadi vyote viwe nje ya karakana. Mvuke uliobaki kwenye tangi tupu hulipuka vibaya kuliko petroli yenyewe. Kisha toa rejeta, ekzosi, alternata, stata na injini.

Kuna kipimo kimoja usichoweza kukipata tena ukishauza injini: umbali kutoka uso wa injini unaokutana na kasha la klachi hadi uso wa flaiwili unaoguswa na sahani ya klachi. Kipime sehemu nne kwa kaliba ya kina, andika hadi sehemu ya kumi ya milimita. Hicho ndicho kitakachosema kapla, yaani kipande kinachounganisha shafti ya mota na ya giaboksi, iwe ndefu kiasi gani. Hifadhi pia bamba la nyuma la injini na pini za kulengea, kwani ndivyo kigezo cha kuchongea bamba jipya la kufungia mota kwenye giaboksi.

Kwenye MX-5 kuna mtego. Giaboksi haina kishikio chake chini. Inashikiliwa na fremu ndefu inayoiunganisha na difu, na mbele inategemea injini. Injini ikitoka, pua ya giaboksi inaanguka na kuipinda fremu hiyo. Weka jeki chini yake kabla ya kulegeza bolti ya kwanza, na iache hapo hadi mota iwe imefungwa kwenye vishikio vya injini vya zamani.

Bamba na kapla

Hii ndiyo sehemu ya kumpelekea mkerezaji mzuri. Bamba liwe la alumini ya 6061 au 6082, unene wa milimita 15 hadi 20. Kapla iwe ya chuma cha 4140. Usimwombe fundi akisie meno ya shafti ya mota. Mpelekee shafti ya kuingilia ya giaboksi ya gari lililotoa mota, au nunua kapla yenye meno yaliyokatwa kwa mota hiyo. Meno yapakwe grisi ya molibdeni wakati wa kufunga. Yakifungwa makavu husagana kidogo kidogo, na dalili yake ni unga mwekundu kama kutu.

Shafti ya mota na shafti ya giaboksi lazima ziwe kwenye mstari mmoja. Funga mota kwenye bamba na bamba kwenye kasha la klachi likiwa tupu, weka geji ya saa kwenye kapla, zungusha shafti kwa mkono na usome ukuta wa tundu la katikati la kasha. Lenga milimita 0.05, ikipita 0.1 usiendelee. Sogeza bamba, kisha ndipo utoboe matundu ya pini. Bolti peke yake hazilengi kitu, kwa sababu tundu la bolti ni pana kuliko bolti. Kosa hapa halionekani gari likitembea polepole. Litajitokeza kama mtetemo kuanzia mizunguko 3,000, na baada ya muda beringi ya mbele ya giaboksi itaanza kulia.

Klachi ibaki au itoke? Kwa gari la barabarani, itoke. Mota haina mzunguko wa kusubiri, hivyo gari husimama likiwa kwenye gia bila tatizo. Chukua kitovu cha sahani ya klachi pamoja na springi zake ndogo, na ukifunge kwa bolti kwenye kapla. Usitumie kitovu kigumu kisicho na springi, kwa maana mota hutoa nguvu yake yote kuanzia sifuri na pigo hilo lote litaishia kwenye meno ya giaboksi. Bila klachi bado unaweza kubadili gia: achia kanyagio, hakikisha breki ya mota (mota inapopunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri) haifanyi kazi, sukuma gia taratibu ukisubiri sekunde moja au mbili. Ukilazimisha, sinkronaiza zitakwisha.

Kwa kweli hutabadili mara nyingi. Gia ya tatu ya MX-5 ya 1.6 ni 1.33 na difu ni 4.3. Kwa tairi za 185/60 R14, mizunguko 7,000 kwa gia ya tatu ni kama kilomita 133 kwa saa, na kwa gia ya pili ni kama 94. Injini ya awali ilitoa nguvu ya kuzungusha ya takriban Nm 136, na mota ya Leaf ya mwanzo inatoa 280. Kwenye mipangilio ya inveta weka ukomo wa Nm 150 na mizunguko 7,000, kisha panda polepole. Ukipita 200, tegemea kununua giaboksi nyingine.

Maboksi ya betri

Moduli 48 za kilo 3.8 ni kilo 182. Mgawanyo unaofanya kazi ni moduli 20 chini ya boneti, juu na mbele ya mota, na 28 nyuma palipokuwa na tangi. Hiyo ni kilo 76 na kilo 106 kabla ya maboksi yenyewe. Usizipange juu ya mhimili wa nyuma kwenye buti kwa sababu tu kuna nafasi, maana uzito uliokaa juu na nyuma hulifanya gari lirushe mkia kwenye kona ya mvua.

Boksi liwe la chuma cha milimita 2 au alumini ya milimita 3, lifunikwe ndani kwa karatasi ngumu ya polipropilini au FR4 (bamba la nyuzi za kioo lisilopitisha umeme), na liwe na tundu la kupumulia linaloelekea nje ya gari, si kwa abiria. Moduli zibanwe kati ya mabamba mawili kwa vyuma virefu vyenye nati, kama zilivyokuwa kiwandani. Seli za aina ya mfuko zikiachwa bila kubanwa huvimba na kupoteza uwezo mapema. Vishikio vipigiwe hesabu ya kuhimili uzito wa boksi mara 20 kwa mgongano wa mbele, mara 15 kwa ubavu na mara 10 kwa juu na chini. Boksi la kilo 120 linadai basi nguvu sawa na uzito wa kilo 2,400. Bolti za M10 za daraja la 8.8 zinatosha, lakini bati la sakafu halitoshi. Weka mabamba ya milimita 3 upande wa pili, yenye upana wa kiganja, na yashike kwenye mihimili ya chasisi.

Kati ya maboksi mawili weka fyuzi kuu na kikata umeme cha mkono. Kikivutwa, betri inagawanyika: volti 150 mbele, 210 nyuma. Kontakta ya chanya ikae ndani ya boksi moja na ya hasi ndani ya jingine, ili kebo zote zilizo nje ya maboksi, isipokuwa ile ya kati yao, ziwe mfu gari likizimwa.

Umeme wa volti kubwa

Kebo ya rangi ya chungwa ya milimita za mraba 50 inatosha kwa mfano huu. Vichwa vya kebo vibanwe kwa presi ya haidroli yenye meno ya pembe sita. Kata kimoja cha majaribio katikati: ukiona nafasi nyeusi kati ya nyuzi, presi au kichwa si saizi yake. Shikilia kebo kila sentimita 30, mbali na mabomba ya breki na vitu vikali. Ukipata inveta inayokaa moja kwa moja juu ya mota, kama ilivyo kwenye Leaf za kuanzia 2013, unaepuka kebo tatu za mota pamoja na kelele zake za redio.

Fyuzi iwe ya umeme wa moja kwa moja, volti 500 au zaidi, ampia 250 hadi 300. Fyuzi ya umeme wa nyumbani haitazima cheche ya volti 400, itaendelea kuwaka.

Sasa rezista ya kujazia, ambayo wengi huipuuza. Inveta ina kapasita. Ukifunga kontakta kuu kwa ghafla, maelfu ya ampia hupita kwa kufumba na kufumbua na nyuso za kontakta hushikana moja kwa moja; tangu hapo gari halizimiki. Kontakta ndogo ya tatu yenye rezista ya ohmu 100 hujaza kapasita kwanza. Kwa kapasita ya mikrofaradi 1,000, muda wake ni sekunde 0.1, na baada ya mara tano ya hapo, nusu sekunde, imefika asilimia 99. Kontakta kuu ifungwe pale tu volti ya inveta inapofika asilimia 95 ya volti ya betri. Usitegemee saa peke yake. Rezista iwe ya waya, wati 50 au 100. Ikiwa kigeuzi cha volti 12 au kipasha joto kinawaka wakati huo huo, volti haitapanda kamwe na rezista itaungua. Ndiyo sababu ya kwanza ya rezista zinazokufa. Weka kikomo cha sekunde tatu, kisha mfumo ujizime.

Saketi ya kubana kontakta ipite kwenye swichi ya mgongano, kitufe cha dharura na plagi zote za volti kubwa. Kitu kimoja kikifunguka, vyote vifunguke.

Umeme wa volti kubwa usiguse bodi mahali popote. Kabla ya kuwasha, tenga BMS (bodi inayosimamia na kulinda seli za betri) na inveta, kisha pima kwa mega (kipima kihami) ya volti 500 kati ya kila kebo na chasisi. Ohmu 500 kwa kila volti ndicho kiwango cha chini cha kukubali, yaani kiloohmu 200 kwa volti 400. Ufungaji mpya na mkavu unapaswa kuonyesha megaohmu kadhaa. Ukipata kidogo, tafuta maji, bolti iliyotoboa kihami au maji ya kupozea yaliyovuja.

BMS, chaja na volti 12

Kwa seli za Leaf, weka ukomo wa juu wa volti 4.15 na wa chini wa 3.2. Waya za kupimia seli ziwe na fyuzi karibu na seli, na zipimwe moja moja kabla ya kuchomekwa. Waya mbili zilizobadilishana nafasi huua bodi papo hapo. BMS lazima iweze kuifungia chaja, na lazima iizuie ikiwa seli ziko chini ya nyuzi 0, kwa kuwa lithiamu hujipaka juu ya elektrodi na hilo halirudi nyuma.

Kwenye soketi ya kuchajia ya Type 2, waya wa PP hutambulisha kebo kwa rezista: ohmu 220 ni ampia 32, ohmu 680 ni ampia 20. Waya wa CP una volti 12, ambazo gari huzishusha hadi 9 kwa kusema limeunganishwa na hadi 6 kwa kuomba umeme. Chaja isipoitika, pima hapo kwanza. Chaja ya kilowati 6.6 hujaza betri hii kwa takriban saa tatu.

Betri ndogo ya volti 12 ibaki. Ndiyo inayobana kontakta. Serva ya breki, iliyokuwa ikitegemea injini kuifyonzea hewa, inahitaji pampu ya umeme, kopo la akiba la lita moja hivi, na swichi ya shinikizo. Bila kopo, pampu itawaka kila ukikanyaga na itakufa mapema. Ongeza taa ya onyo kwenye dashibodi pampu ikishindwa. Maji ya kupozea yapite inveta kwanza, kisha mota, yarudi kwenye rejeta ndogo. Toa hewa yote, kwa maana povu moja ndani ya inveta linatosha kuipunguzia nguvu njiani.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Magurudumu ya nyuma yakiwa hewani juu ya stendi, washa volti 12 tu na usome makosa yote kwenye inveta. Hakikisha njia zote mbili za kanyagio zinapanda pamoja, na kwamba ukichomoa moja, inveta inakataa. Kisha unganisha betri, tazama volti ikipanda kupitia rezista, weka kikomo cha ampia 50 na ukanyage kidogo. Mota ikizunguka kinyume, badilisha kwenye programu. Ikitetemeka bila kuzunguka huku ikivuta ampia nyingi, pembe ya kihisi cha rota imewekwa vibaya. Zima mara moja na uisahihishe, usiikanyage zaidi.

Breki ya mota ianze kwa asilimia 20 na iwashe taa za breki. MX-5 huvuta kwa magurudumu ya nyuma, kwa hiyo ikizidi kwenye barabara yenye utelezi, mkia utatangulia.

Baada ya kilomita 100 pima tena bolti zote za betri na kebo kwa spana ya torki, umeme ukiwa umekatwa. Pima kila ungio kwa kipima joto cha mwanga baada ya safari ndefu: ungio lililo na nyuzi 15 zaidi ya majirani zake limelegea au limebanwa vibaya. Rudi kwenye mizani minne, linganisha na namba za mwanzo, na kama nyuma imeshuka kwa zaidi ya milimita 15, badilisha springi kabla ya kupanga magurudumu.